NGOME YA MINECRAFT: ANZA NA MWANGA, UKUTA BAADAYE

Maswali ya Minecraft yamekuwa mengi siku hizi na ukiyachuja karibu yote ni lile lile moja. Mtu kajenga ukuta wa mawe mrefu kama wa gereza, kaweka mlango wa chuma, kaenda zake kuchimba. Akirudi anamkuta Creeper katikati ya uwanja wake, ametulia tu kama mwenye nyumba. Sekunde moja na nusu baadaye nusu ya sebule haipo na masanduku yamemwaga kila kitu chini. Swali linakuja: jamani huyu kapitia wapi?

Hajapita popote. Kazaliwa humo humo ndani.

Hapo ndipo ngome nyingi zinapofia, na ndiyo sababu makala hii inaanza na mwanga kabla ya kugusa mawe. Ihifadhi uirudie ukiwa unajenga, maana namba ziko nyingi na hakuna anayezikumbuka zote kichwani.

Kwa wale wageni, kwa kifupi sana. Minecraft ilianzishwa na Msweden Markus Persson, toleo la kwanza kwa umma likatoka Mei 2009, toleo kamili Novemba 2011, na Microsoft wakainunua kampuni ya Mojang mwaka 2014 kwa dola bilioni 2.5. Ni dunia ya bloku, unachimba na kujenga. (Msiseme ni mambo ya watoto. UN-Habitat, ambao makao yao yako Nairobi, walianza mwaka 2012 kuitumia kupanga viwanja vya wazi pamoja na wakazi wenyewe, na kazi za mwanzo zilifanyika Kibera.) Hapa tunazungumzia ile hali ya Survival tu, ambayo ukifa mzigo wako unabaki chini dakika 5 halafu unapotea moja kwa moja. Ukicheza ile ya Hardcore ukifa ndiyo basi, dunia yote imekwisha. Kwa mtu anayelipia kwa saa, hizo ni saa ngapi za pesa yako, piga hesabu mwenyewe.

MAADUI WANAZUKAJE

Siku nzima ya Minecraft ni dakika 20 za kwetu: mchana kama 10, usiku wenyewe kama 7, zinazobaki ni machweo na alfajiri. Zombi, Mifupa wa mishale, buibui na Creeper hawatoki mbali wakatembea mpaka kwako. Wanazuka tu penye giza, kwenye bloku yoyote ngumu yenye nafasi juu yake. Sakafu ya stoo yako isiyo na taa ni sawa na pango. Paa lako bapa ambalo hujaliwekea mwenge ni sawa na uwanja wa mpira wa zombi.

Sasa sikilizeni vizuri hapa kwa sababu maelezo ya zamani bado yamezagaa mtandaoni. Mpaka mwaka 2021 ilibidi mwanga uwe 8 au zaidi ndipo pawe salama. Toleo la 1.18, lililotoka mwisho wa Novemba 2021, lilibadilisha kabisa: sasa adui wa kawaida anazuka pale tu ambapo mwanga wa taa ni 0. Ukiwa na 1 tu umepona. Kwa hiyo ukiona mtu anakuambia uweke mwenge kila baada ya bloku 6, hajakosea, anasoma kitabu cha zamani. Ila kama seva unayochezea bado inatumia toleo la nyuma ya hapo, basi sheria ya zamani ndiyo yako. Uliza kwanza ni toleo gani.

Mwenge mmoja unatoa mwanga 14, na unapungua 1 kwa kila hatua. Hatua zinahesabiwa mbele, pembeni, juu na chini, hakuna njia ya mkato ya kona kwa kona. Maana yake kwenye uwanja tambarare ukipanga mienge kwa mistari, mmoja kila baada ya bloku 12 kwenda mbele na bloku 12 kwenda pembeni, katikati kabisa ya mienge minne unabaki na mwanga 2. Pako safi. Ukinyoosha mpaka 14, katikati panafika 0, na hapo hapo ndipo Creeper atakapozaliwa. Penye vilima punguza nafasi, maana kupanda na kushuka nako ni hatua. Ukuta nao unakata mwanga, kila chumba kina hesabu yake.

Makaa moja na kijiti kimoja vinakupa mienge 4. Hakuna ulinzi rahisi kuliko huo kwenye gemu nzima. Kwenye kompyuta bonyeza F3, tafuta mstari wa mwanga, utaona namba mbili: ya anga na ya bloku. Ya bloku ndiyo unayoitaka. Ya anga inakudanganya mchana, usiku ukiingia utajua.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Adui hazuki ndani ya bloku 24 kutoka pale uliposimama. Ndiyo maana ukikaa nyumbani unaona kila kitu shwari, unajisifu ngome yako ni nzuri. Ukienda kuchimba mita 60 hivi kutoka hapo, nyumba yako imeingia kwenye eneo la kuzuka, na kila kona yenye giza inafanya kazi. Ukirudi, wapo. Ngome usiipime ukiwa ndani yake, ipime siku unayorudi safari.

Pale ambapo hutaki mienge iharibu sura ya nyumba, kuna njia ya kistaarabu: adui hawazuki juu ya kioo, wala juu ya zile bloku nusu zilizolazwa upande wa chini. Ezeka paa lote kwa bloku nusu na umemaliza, hata taa huhitaji.

UJENGE WAPI

Usiku wa kwanza usijenge chochote. Toboa kilima hatua tatu ndani, ziba mlango kwa udongo, weka mwenge mmoja, endelea kuchimba humo humo mpaka kukuche. Mtu anayekimbizana na nyumba ya mbao jua likizama anatafuta kifo cha bure.

Baada ya hapo chagua. Upande wa mlima una faida ya kuwa kuta tatu umepewa bure. Kisiwa kidogo kinapunguza eneo la kumulika, na hiyo ni nafuu kubwa kuliko mnavyodhani. Ukibahatika kukuta kile kisiwa cha uyoga, chenye ng'ombe wekundu wenye madoa, hamia haraka, kwa sababu huko adui hawazuki wenyewe, hata kwenye mapango yake. Ni adimu lakini kipo. Kwenye kinamasi usikae, wale vidude vya ute wa kijani wanazuka usiku bila kujali sana mienge yako.

Na kabla hujamwaga msingi, chimba chini uangalie kama kuna pango. Ukienda kulala ukaambiwa huwezi kupumzika kuna maadui karibu, na wewe huoni mtu, mara nyingi yuko chini ya sakafu. Kitanda kinapima bloku 8 kila upande. Huo ujumbe unaudhi lakini ni mlinzi wa bure.

UKUTA: NAMBA ZA MLIPUKO

Kila bloku ina namba ya kustahimili mlipuko. Hizi hapa za kukumbuka: udongo 0.5, kioo 0.3, magogo 2, mbao za kupasuliwa 3, mawe na matofali 6, obsidiani 1200. Mtaona magogo mazima ni dhaifu kuliko mbao zake. Na sasa ya kuchekesha: bloku ya chuma ni 6, ya dhahabu 6, ya almasi 6. Sawasawa na mawe uliyoyaokota bure! Kuna vijana wanajenga ukuta wa bloku za chuma wakidhani wamejenga benki kuu. Ni fahari tu hiyo, si ulinzi.

Mlipuko wa Creeper wa kawaida una nguvu 3, wa TNT una 4. Kwa ukuta wa mawe wa tabaka mbili, Creeper akilipukia nje atang'oa tabaka la kwanza na la ndani litasimama. Kwa hiyo tabaka mbili za mawe zinatosha, usipoteze muda na tabaka tano. Obsidiani acha kwa ajili ya chumba cha mali, tutafika. Yule Creeper aliyepigwa na radi, anayeng'aa bluu, nguvu yake ni 6. Huyo ukimwona mpige mshale akiwa mbali na usimkaribie.

Kimo cha bloku 3 kinatosha kwa wote isipokuwa buibui, ambaye anapanda ukuta wowote kama vile ni ngazi. Dawa yake si kuongeza kimo. Juu kabisa toa bloku moja kuelekea nje, kama ukingo wa paa, zunguka ukuta mzima. Buibui akifika pale anagonga kichwa, hawezi kutembea chali. Kazi ya dakika kumi.

Handaki la maji wengi wanalipenda kwa sababu linapendeza. Mimi naona linasifiwa kupita kiasi kwa kazi ambayo halifanyi. Zombi anavuka maji, na akizama muda mrefu anageuka kuwa zombi wa majini, umejiongezea tatizo jingine. Faida yake ya kweli ni nyingine kabisa: mlipuko unaotokea ndani ya maji hauvunji bloku hata moja. Creeper akilipuka akiwa ameloa, wewe unaweza kuumia lakini ukuta hauguswi. Basi ukitaka maji, yaweke yagusane na ukuta, usiyaweke mbali kama bwawa la samaki. Kama shida yako ni kuwazuia wasifike, chimba handaki kavu la kina cha bloku 3, waliotumbukia hawatoki, buibui tu ndiye atakayepanda.

Uzio wa mbao nao msiudharau. Unaonekana mfupi lakini gemu inauhesabu bloku moja na nusu, hakuna zombi wala Creeper anayeuruka. Kwa shamba na mifugo unatosha kabisa, ukiwa umemulika.

Enderman, yule mrefu mweusi mwenye vitu vya zambarau, ukuta kwake ni hadithi. Anatokea popote. Ila ana udhaifu: kimo chake karibu bloku 3, kwa hiyo chumba chenye dari ya bloku 2 haingii. Anaiba pia bloku za udongo, nyasi na mchanga, mawe hayagusi. Na usimtazame usoni, hilo mnalijua.

MLANGO NDIYO UNAOWAUA

Ukicheza ugumu wa Hard, zombi anavunja mlango wa mbao. Kwenye ugumu wa chini anaugonga tu. Mlango wa chuma haumpishi, lakini unahitaji kitufe au kibao cha kukanyaga ili ufunguke, na hapa watu wanajichimbia kaburi: wanaweka kibao cha kukanyaga NJE. Zombi akikanyaga, mlango unamfungukia na karibu ndani mheshimiwa. Kibao kiweke ndani peke yake, nje weka kitufe.

Na kitufe chenyewe kiwe cha jiwe. Cha mbao kinabonyezwa na mshale, kwa hiyo Mifupa akikukosa anaweza kukufungulia mlango wako mwenyewe. Haya mambo madogo madogo ndiyo yanayoua.

Weka milango miwili yenye kijichumba katikati, chenye taa. Ukifungua wa nje na ukaona kitu hukipendi, wa ndani bado umefungwa. Karibu na mlango acha upenyo wa nusu bloku usawa wa miguu. Unawapiga upanga miguuni na zombi hawezi kupita. Usiache upenyo wa bloku nzima, yule mtoto wa zombi anapita hapo na anakimbia kama pikipiki.

Asubuhi subiri kidogo. Zombi na Mifupa jua linawaunguza, buibui anapoa, Creeper haungui. Anaweza kuwa amekusimamia mlangoni tangu usiku.

PAKA, GOLEMU NA KITANDA

Creeper anaogopa paka. Si utani. Mfuge paka mmoja kwa samaki mbichi, mkalishe karibu na mlango, na Creeper atakaa mbali. Wale Phantom wanaoshuka kutoka angani nao wanamkwepa. Phantom waliingia mwaka 2018 na wanamwandama mtu ambaye hajalala siku 3 za gemu, yaani kama saa moja ya kwetu. Tiba ni kulala tu. Kitanda pia ndicho kinachoamua utafufukia wapi, na kikivunjwa unarudishwa kule ulikoanzia dunia, labda saa nzima ya kutembea. Kwa hiyo kitanda kiwe chumba cha ndani kabisa, mbali na ukuta wa nje. Halafu msikijaribu kule Nether: ukibonyeza kulala kitanda kinalipuka vibaya kuliko TNT.

Golemu wa chuma anataka bloku 4 za chuma, yaani vipande 36, pamoja na boga lililochongwa kichwani. Ana uhai 100, wewe una 20. Kwa zombi na Mifupa ni askari wa kweli. Kwa Creeper hakusaidii, hamgusi. Golemu na paka wanakwenda pamoja, mmoja bila mwenzake ni nusu ya ulinzi.

ADUI AKIWA BINADAMU

Kwenye seva zenye watu mambo yanageuka. Mwenge haumzuii mtu, unamwonyesha njia. Binadamu ana sururu, ana subira, na TNT anaitengeneza kwa baruti 5 na mchanga 4.

Obsidiani haivunjwi na TNT. Lakini mwenye sururu ya almasi anaitoboa kwa sekunde 9.4 kila bloku, kwa hiyo chumba cha obsidiani kinamchelewesha, hakimzuii. Maji kati ya tabaka mbili za ukuta yanaua nguvu ya TNT inayolipukia ndani yake. Sawa, ziweke zote mbili. Ila kwenye seva isiyo na sheria kama 2b2t, iliyoanza Desemba 2010, ulinzi wa maana ni kutoonekana. Dunia inakwenda karibu bloku milioni 30 kila upande kutoka katikati. Wewe unajenga bloku 500 kutoka pale watu wote wanapoanzia, halafu unashangaa umeibiwa?

Nenda mbali, jenga chini ya ardhi, juu acha kama palivyokuwa. Usiache mnara, shamba la mstari ulionyooka, wala njia ya mienge kuelekea kwako. Lango la Nether lililo wazi ni kama kibao cha barabarani: hatua moja kule ni 8 huku, mtu anayezurura Nether atakufikia upesi sana.

Mali ya thamani iweke kwenye sanduku la Ender. Linahitaji obsidiani 8 na jicho la Ender 1, lina nafasi 27, na kila mchezaji akilifungua anaona vyake tu. Hata wakilivunja hawapati kitu chako. Masanduku ya kawaida yabaki na mawe, mbao na chakula, tena yagawanye sehemu mbili tatu. Acha moja mahali rahisi kuonekana lenye vitu vya wastani. Mwizi akipata kidogo mara nyingi anaondoka akiwa ameridhika.

NA HAPO ULIPOKAA JE

Kwenye kafe mtu aliyekaa nyuma yako anaona F3 yako na namba za mahali ulipo. Ukimaliza kusoma mwanga, izime. Picha ya skrini yenye F3 usimtumie mtu. Na ukiondoka, toka kwenye akaunti yako, usifunge dirisha tu, maana anayekaa baada yako hatahitaji TNT.

Kama unacheza peke yako kwenye toleo la Java, dunia yako haiko hewani popote, iko kwenye ile kompyuta, ndani ya folda ya .minecraft kwenye folda ya saves. Kafe nyingi mashine zikizimwa zinajisafisha zenyewe. Toka kwa Save and Quit, kisha nakili folda yenye jina la dunia yako kwenye flashi. Siku nyingine unairudisha pale pale kwenye mashine yoyote yenye toleo hilo hilo, na ngome yako iko kama ulivyoiacha. Usiifungue kwa toleo la zamani zaidi, inaweza kuharibika. Bakiza dakika tano za muda wako kwa kazi hiyo, msisubiri mpaka kidirisha cha muda kianze kuhesabu.

Maswali tupieni hapo chini kwenye maoni. Andika toleo, ugumu unaochezea, na kama ni seva au peke yako, la sivyo tutakujibu namba zisizo zako.